Kitendawili cha Njia ya Menengai

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo!

Ila kabla ya hadithi, kitendawili. Mmesema tega? Basi hiki hapa: Natoka nyumbani nimejaa, narudi nimepungua, na njiani hakuna aliyeniona nikimwagika.

Msikimbilie kujibu. Niliwategea wajukuu wangu kitendawili hiki Jumamosi moja alfajiri, tukiwa tumesimama langoni, wao wakifunga kamba za viatu tayari kukimbia kuelekea Menengai. Mkubwa ana miaka kumi na minne na yuko timu ya riadha ya shule yao. Wa pili ana kumi na miwili, yeye ni kandanda tu. Kitinda mimba ana tisa, na ukimuuliza yuko timu gani, atakwambia zote.

Mkubwa alifikiri kidogo, akajibu, "Petroli ya pikipiki, Shosho."

Nikamwambia amekaribia sana. Yule wa kandanda akasema ni jerikeni iliyotoboka. Nikamkatalia: jerikeni iliyotoboka kila mtu huiona ikichuruzika, na mwenye duka hukupigia kelele toka mbali. Kitinda mimba hakujibu. Alikuwa amejikunja ndani ya sweta, kwa maana asubuhi za Nakuru mnazijua zilivyo.

Nilikuwa nimewajazia chupa tatu za maji. Waliziacha zote juu ya ukuta. "Shosho, kuna baridi, hatuna kiu." Sikugombana nao. Niliwaomba kitu kimoja tu: wapite kwanza dukani kwa jirani anayeuza mahindi na viazi, wapande mizani mmoja mmoja. Nikaandika uzito wa kila mmoja kwenye kipande cha karatasi ya unga, nao wakaondoka wakicheka.

Walirudi baada ya saa moja na nusu. Fulana zao zilikuwa kavu. Vumbi lilikuwa limewapanda hadi magotini, na hilo si ajabu, kwani wazee husema jina Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi. Lakini jasho? Ungeapa hawakutoka hata tone. Nikawarudisha kwenye mizani vile vile, na viatu vile vile. Mkubwa alikuwa amepungua gramu 800. Wa pili, gramu 500 na ushei. Mdogo, aliyegeuka nusu ya njia akiwa amebebwa mgongoni, gramu 200.

"Nimekonda!" mkubwa akashangaa.

Hukukonda, mjukuu wangu. Mtu hakondi kwa saa moja na nusu. Kilo moja ya maji ni lita moja ya maji, kwa hivyo wewe umeacha karibu lita nzima kati ya hapa na Menengai. Hilo ndilo jibu la kitendawili: ni maji ya mwilini. Yalitoka, na hakuna aliyeyaona.

Sasa kaeni vizuri niwaeleze yalivyotoroka.

Misuli inapofanya kazi huwa kama jiko: hutoa nguvu, na pamoja na nguvu hutoa joto, tena joto jingi. Lisipopata njia ya kutoka, mtu atapikika akiwa hai. Mmewahi kugusa mtungi wa udongo wa nyumbani? Maji ya ndani ni baridi hata jua likiwaka, na nje umeloa kidogo. Udongo una vinyweleo, maji hupenya polepole hadi nje, upepo huyageuza mvuke, na mvuke ukiondoka huondoka na joto. Mwili wako ni mtungi wa namna hiyo. Jasho hupenya kwenye ngozi, hewa hulichukua, nawe unapoa.

Mkienda Mombasa kwa mjomba wenu mtaona jasho likitiririka, kwa sababu hewa ya pwani imeshiba unyevu na haina nafasi ya kupokea zaidi. Hapa kwetu mji uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Menengai unafika mita 2,278. Hewa ni nyepesi na kavu, ina kiu kuliko ninyi. Inakunywa jasho lako kabla halijawa tone. Tena mkimbiaji huhema haraka, na kila pumzi inayotoka kifuani inatoka na unyevu. Ndiyo sababu mtoto wa Nakuru hudanganyika kirahisi: haoni jasho, basi hudhani hapotezi kitu.

Maji yakipungua sana, damu nayo hupungua kiasi, moyo unalazimika kudunda mbio ili damu ile ndogo ifike kila mahali. Miguu inakuwa mizito. Kichwa kinauma. Mtu anakasirika bila sababu, anamfokea hata kipa wake.

Nayajua haya kwa mwili wangu. Miaka ya sabini, nikiwa msichana wa shule, mwalimu wetu wa michezo alikuwa na sheria moja: anayekunywa maji siku ya mbio atashikwa na kichomi. Alikuwa mtu mwema aliyetupenda, na aliamini hivyo kwa sababu naye aliambiwa hivyo. Tulifika uwanjani asubuhi, tukasubiri juani hadi saa nane mchana, na bomba lilikuwa pale pale karibu na choo tukilitazama. Mbio zangu zilikuwa mita 1,500. Mzunguko wa tatu niliona majua mawili. Nilichokumbuka baadaye ni kivuli cha mgunga na wenzangu wakinipepea kwa daftari. Hakuna aliyenipa maji hata hapo, maana waliogopa kichomi. Msichana mwenzangu mmoja alilowesha kitambaa bombani kwa siri na kuniwekea kichwani. Namshukuru mpaka leo.

Msidhani ni sisi tu tuliodanganyika. Mwaka 1904, katika Michezo ya Olimpiki ya St. Louis, Marekani, mbio za marathoni zilifanyika mchana wa jua kali kwenye barabara za udongo. Njia ilikuwa ya kilomita 40 hivi, na mahali pa kupata maji palikuwa pamoja au pawili tu. Haikuwa bahati mbaya. Msimamizi wa michezo ile, James Sullivan, alitaka kuona mwili wa mtu hufanya nini ukinyimwa maji. Magari ya waamuzi yalitimua vumbi usoni mwa wakimbiaji. Mmoja alikutwa kando ya njia akitapika damu, kwa vumbi alilomeza. Mshindi, Thomas Hicks, aliomba maji akanyimwa. Wasaidizi wake walimpanguza mdomo kwa sponji, kisha wakampa ute wa yai uliochanganywa na dawa ambayo ni sumu ya panya, na pombe juu yake. Alifika mwisho akiwa ameshikwa mikono. Walioanza walikuwa 32, waliomaliza 14.

Katika hao 14 walikuwemo Waafrika wawili, Len Taunyane na Jan Mashiani, kutoka Afrika Kusini. Taunyane alikuwa wa tisa, na inasimuliwa kwamba angekuwa mbele zaidi kama mbwa hawakumfukuza nje ya njia. Huwa nawafikiria wawili hao, mbali na kwao, katika vumbi lile, wakikimbia kwa kiu waliyotengenezewa makusudi.

Baadaye dunia ikageuka, ikaanguka upande wa pili. Watu wakaanza kuambiwa: kunywa, kunywa, kunywa, hata kama huna kiu. Hilo nalo lina hatari yake. Mwaka 2002, katika mbio za marathoni za Boston, madaktari walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza. Karibu 13 kati ya kila 100 walikuwa na chumvi iliyopungua kupita kiasi katika damu, na walioathirika wengi ni wale waliokunywa maji mengi mno njiani hadi wakarudi wazito kuliko walivyoondoka. Chumvi ya damu ikizimuliwa namna hiyo, ubongo huvimba, na mtu anaweza kufa. Mchuzi ukiujaza maji si mchuzi tena, sivyo?

Basi tunywe kiasi gani? Hapo mkubwa alinikazia macho, maana hilo ndilo alilotaka. Shujaa wake ni Eliud Kipchoge, mkimbiaji wetu wa marathoni.

Nilimweleza kuhusu uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004, ambao Vincent Onywera, msomi Mkenya, alishirikiana na wenzake kuufanya. Waliishi na wanariadha kumi wakubwa wa Kenya kambini, wakapima kila walichokula na kunywa kwa siku saba. Mnadhani walikuta nini? Unga wa siri? Walikuta ugali, mboga, maharagwe, viazi, mkate, na sukari kwenye chai. Kwa siku, kila mmoja alikunywa zaidi kidogo ya lita moja ya maji, na takriban lita moja na robo ya chai ya maziwa. Chai, watoto wangu! Ile ile inayochemka kwenye sufuria yangu. Kuna watu husema chai hukausha mwili. Chai ya kawaida haikaushi, ni maji yenye majani na maziwa. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wakimbiaji kama hao walikunywa walipotaka, hasa baada ya mazoezi, na maji ya miili yao yalikaa sawa siku hadi siku.

Mkubwa akaruka. "Kumbe nilifanya vizuri kuacha chupa!"

Ngoja. Wale ni watu wazima, wanakimbia alfajiri kwenye baridi, kisha wanarudi kambini kupumzika, kula na kunywa chai. Wewe ukitoka Menengai unaenda moja kwa moja kuchapa mpira hadi saa saba. Tena siku ya mashindano yenyewe mambo hubadilika hata kwao. Berlin, mwaka 2018, Kipchoge alipokimbia kwa saa 2:01:39 na kuvunja rekodi ya dunia, kulikuwa na Mjerumani mmoja, Claus-Henning Schulke, aliyepiga baiskeli kutoka meza moja ya vinywaji hadi nyingine ili amkabidhi chupa yake mkononi. Kila alipompa alishangilia kama mtoto. Itafuteni picha yake, mtampenda.

Ndani ya chupa ile hapakuwa na maji matupu. Kulikuwa na kinywaji chenye wanga wa sukari, kwa sababu anayekimbia kwa kasi ile saa mbili nzima humaliza akiba ya nguvu iliyo kwenye misuli. Hapo ndipo watoto wengi hupotea. Wanaona bingwa akinywa kitu cha rangi, nao wananunua cha rangi. Mpira wa dakika arobaini haumalizi akiba yako. Kilichopungua ni maji, rudisha maji. Vile vinywaji vya wanamichezo vilitengenezwa kwa anayefanya kazi ngumu zaidi ya saa moja.

Soda? Sikatazi soda ya Krismasi. Lakini nusu lita ya soda ya kola ina zaidi ya gramu 50 za sukari. Niliwawekea mezani bakuli, tukahesabu kwa kijiko cha chai: kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Kitinda mimba akasema, "Shosho, hiyo ni sukari ya chai ya nyumba nzima." Sukari nyingi hivyo hukaa tumboni ikivuta maji, na hapo ndipo mtu hupata gesi na tumbo la kubana katikati ya mbio. Na vile vikopo vya kuongeza nguvu vinavyouzwa stendi ya matatu, vyenye picha za wanyama wakali, hivyo nasema bila kuzunguka: mtoto asinywe. Vimejaa kafeini inayokimbiza moyo ambao tayari unakimbia, na madaktari wa watoto wamekuwa wakionya hivyo miaka mingi.

Wajukuu wangu nimewazoesha hivi. Kikombe cha maji kabla ya kutoka. Kwenye jua, kila baada ya dakika ishirini hivi, mafunda machache, na zaidi ukihisi kiu. Kiu ni mjumbe mwaminifu, ila ana aibu, watoto wakinogewa na mchezo hawamsikii, kwa hivyo refa au kocha awasimamishe. Ukirudi, kunywa taratibu mpaka kiu iishe, na ule. Chumvi iliyotoka na jasho hairudi kwa kulamba chumvi. Inarudi kwa githeri, kwa mayai, kwa supu, kwa ndizi na viazi. Uji wa wimbi ni chakula na kinywaji kwa mpigo mmoja. Maziwa pia, na mursik kutoka kibuyu, ambayo wanariadha wetu hunyweshwa wakishuka ndege Eldoret na medali shingoni.

Ukitaka kujua kama umekunywa vya kutosha, chungulia mkojo wako. Wakacheka hadi wakaanguka, lakini nilisubiri wamalize. Ukiwa kama maji ya ndimu, uko sawa. Ukiwa kama chai ya rangi, mwili unalia kiu. Na mwenzenu akianza kuyumba, kutapika, au kusema maneno yasiyoeleweka kwenye jua, msimwambie ajikaze. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwilini, mpepeeni, mwiteni mtu mzima, apelekwe hospitali upesi. Akiwa hajitambui msimtie kitu mdomoni.

Limebaki jambo moja ambalo sisi wa bonde hili tunahitaji sana kulisikia. Maji gani?

Tazameni meno ya watu wazima wengi wa huku. Mmeona yale ya kahawia, yenye madoa? Wengine huyaficha kwa kiganja wakicheka, na inaniuma, kwa sababu si uchafu, na mswaki hauna kosa. Bonde hili limejaa volkano. Menengai yenyewe ni volkano iliyoporomoka katikati. Mawe yake yana madini ya floraidi, na maji ya visima vingi hupita humo kabla ya kutufikia. Kidogo huimarisha meno. Ikizidi, huharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanaumbika ndani ya ufizi, na ikizidi sana kwa miaka mingi hukaza mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku huuvuka. Sasa fikirini: mtoto anayefanya mazoezi hunywa maji zaidi ya mwenzake anayekaa. Kama maji ni mabaya, anayependa michezo ndiye hupata zaidi.

Kuchemsha hakusaidii kwa hilo. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na lazima tuchemshe au tutie dawa. Hapa mjini maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, na mkiwa Molo au Nyahururu, juu ya mita 2,000, yaacheni yatokote dakika tatu nzima. Lakini floraidi haitoki na mvuke. Inabaki kwenye sufuria, maji yakipungua inazidi kukolea. Dawa yake ni nyingine, nayo ilifanyiwa kazi hapa hapa kwetu: mpango wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru ulichoma mifupa ya ng'ombe hadi ikawa makaa, ukaisaga, ukaitumia kuchujia. Makaa ya mifupa huinasa floraidi. Na kuna dawa ya bure kuliko zote: mvua. Maji yanayotoka mawinguni hayajapita kwenye mawe. Mabati safi, mfereji safi, tenki lenye kifuniko, mvua ya kwanza ikamwagwa kwa kuwa imeosha vumbi la paa, kisha tunachemsha. Chupa za wajukuu wangu nazijaza hayo.

"Kwa hivyo mvuke ni maji safi?" akauliza yule wa kandanda. Swali hilo lilinifurahisha, kwa sababu lilinipeleka Eburru.

Eburru ni mlima ulio kati ya Naivasha na Elmenteita. Huko mito hakuna ya kutegemea, lakini ardhi inapumua. Mvuke wa moto hutoka kwenye nyufa mchana na usiku. Wakaazi waliuingiza kwenye mabomba, ukapoa, ukageuka maji, yakadondoka tone kwa tone hadi kwenye tangi. Watu huchota, hunywesha mifugo. Wamekamata kitu kilichokuwa kinatoroka hewani.

Walinyamaza wote watatu wakifikiria hilo, nami nikaenda kuipua chai.

Jumamosi iliyofuata tulisimama tena langoni. Baridi ilikuwa kali kuliko ile ya kwanza, ukungu umelala juu ya Ziwa Nakuru. Mkubwa alikuwa tayari ameshika chupa. Kitinda mimba alikuwa na yake, ameifunga kiunoni kwa mkanda wa baba yake, inampiga pajani. Akasimama ghafla, akafumbua mdomo, akatoa pumzi ndefu. Wingu dogo jeupe likatoka, likaelea mbele ya uso wake kidogo, likapotea.

"Shosho," akasema, "kitendawili chako kina kosa. Mimi nimeyaona yakimwagika."